Sombe ya Mama Mkubwa

Wiki hii ni zamu yetu kuandika, na tumechagua kosa letu wenyewe.

Mama mkubwa ana sukari tangu tukiwa Kivu. Hapa Nakivale figo zake zimeanza kuchoka: mkojo una protini, miguu inavimba. Mwaka jana damu iliganda ndani ya mguu wa kushoto, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Kijana jirani akatuambia hiyo ni sumu ya panya. Tukacheka, kisha tukasoma kwenye simu. Kweli! Iliuzwa kuua panya mwaka 1948, watu wakaanza kutibiwa nayo 1954. Usiku ule tulitaka kuificha. Yeye akasema, “Hata chumvi ikizidi inaua. Leteni maji ninywe.”

Shida ni dozi. Ikipungua damu inaganda, ikizidi mtu anavuja damu. Ndiyo maana kuna kipimo cha INR, na yeye anatakiwa abaki kati ya 2 na 3. Kipimo kiko mjini, nauli hatuna kila mara. Halafu sombe na lengalenga zina vitamini K, inayopingana na dawa hiyo. Sisi tukamkataza mboga kabisa, kumbe nesi alisema asibadilishe kiasi, siyo aache! Lakini wiki ya pesa tunakula maharage na samaki, wiki ya mwisho ni sombe tupu. Nyinyi wa mashirika, tunauliza bila ugomvi: kiasi kilekile kila siku, tutakipata wapi?

Kosa lenyewe ni hili. Goti lilimuuma, tukamnunulia diklofenaki dukani, siku nne, bila kuuliza mtu. Dawa hiyo inachubua tumbo, na kwa mtu wa warfarini hapo ndipo damu inavuja. Tena inapunguza damu inayofika kwenye figo. Siku ya tano choo chake kikawa cheusi kama lami. Tukadhani ni vile vidonge vya kuongeza damu. Yeye ndiye alisema, “Wanangu, nguvu zinaisha.” Boda mpaka kituo, ambulansi mpaka mjini, chupa mbili za damu.

Amerudi. Figo hazikurudi pale zilipokuwa. Sasa dawa yoyote mpya tunaonyesha daftari lake kwanza, hata kama ni ya mafua.

Juzi ameuliza nani kati yetu alienda dukani. Bado hatujamjibu.