Nyumba Juu ya Nyumba

Mwaka jana mteja mmoja alinipa kazi ya kuandika maneno 300 kuhusu hoteli ya Uholanzi. Sijawahi kupanda ndege. Niliandika nikiwa kwa bedsita yangu Zimmerman, bando ikikaribia kuisha.

Hoteli yenyewe ni Inntel, mjini Zaandam, karibu na Amsterdam. Ilifunguliwa 2010. Msanifu wake, Wilfried van Winden, alichukua nyumba za mbao za eneo la Zaan, zile za kijani zenye fremu nyeupe, akazirundika karibu 70, moja juu ya nyingine, kama mtoto anayecheza na maboksi. Moja ni ya buluu, kumkumbuka Claude Monet, aliyechora nyumba ya buluu huko Zaandam 1871.

Inachekesha. Lakini niliangalia picha hadi usiku. Nyumba hizo ni sura tu. Nyuma yake kuna vyumba 160 vya wageni. Hakuna jikoni ya nyanya wa mtu.

Nikamkumbuka mama. Kila Jumapili hupiga simu kuuliza nitamaliza chuo lini. Niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Tangu hapo nimekuwa nikimjengea sura, muhula juu ya muhula: mitihani, lekchara mkali, matokeo yaliyochelewa.

Nilituma makala, nikalipwa. Halafu, kabla Jumapili ifike, nikampigia mimi.

“Mum, kuna kitu sijakuambia.”

Akacheka kidogo. “Najua. Dada yako hawezi kuficha kitu. Nilikuwa nangoja nione utasoma hadi mwaka wa ngapi.”