Njia ya Kupanda Kwale

Tulitoka Msambweni, tukapita Ukunda penye njia panda ya Diani, na pale Kombani tukaiacha barabara kuu, tukapanda Shimba hadi mjini Kwale. Huku ndiko kwenye ofisi ya gavana, Bi. Fatuma Achani, mwanasheria, naibu gavana tangu 2013, kisha mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana wa Kwale, mwaka 2022. Twajivunia, lakini mmoja kileleni hatoshi. Katiba ya 2010 yaagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya kaunti. Basi, dada zetu, vikao vya bajeti vikiitishwa wadini, tuhudhurie, tusinyamaze: mteka maji ndiye ajuaye umbali wa kisima.