Kila Seli na Ajali Yake

Tangu niolewe huku Kaisho, mkoani Kagera, mengi nimeyaona. Mwaka jana mtoto wa jirani alivimba taya. Wengine wakasema jino, wengine husuda. Mama yake akampeleka Bugando, Mwanza. Kumbe ni saratani ile aliyoieleza Dokta Denis Burkitt mwaka 1958, akiwa Kampala.

Moja ya dawa zake ni vinkristini, itokayo kwenye ua la Madagaska, lile la waridi tunalolipanda uani. Mwenyezi Mungu ameipa kila seli ajali yake: ikiharibika hujimaliza yenyewe, taratibu, bila kuwadhuru majirani. Seli ya saratani hugoma kufa, ikazidi kujigawa. Vinkristini huikwamisha katikati ya kujigawa, mpaka ijimalize. Seli za nywele nazo hujigawa upesi, ndiyo maana mtoto yule alinyonyoka. Sasa zinaota, alhamdulillah, na madrasa amerudi.

Ua hilo usilichemshe nyumbani. Ni sumu, kipimo chake wanakijua madaktari. Nawe bibi harusi, ukiona uvimbe, wa mwanao au wa titi lako, usione haya, wala usingoje. Dua na hospitali havigombani.