Upepo wa Kusi Uvume Kajiado Pia

Ewe msomaji, ukipata Jumapili isiyo na shughuli, panda matatu ya Kitengela. Mkifika Athi River mtaacha barabara ya Mombasa na kushika ya Namanga. Tazama dirisha la kulia. Nyuma ya hizo nyumba za kupanga na maduka ya saruji ndipo nyumbu wa mbuga ya Nairobi, isiyo na ua upande wa kusini, walipozoea kupita wakienda malishoni. Leo wanakutana na ploti na seng'enge.

Ardhi, mifugo, elimu: hayo ndiyo mambo ya kujadiliwa katika Tamasha la Mawazo la Kusi, lililoanzishwa na kampuni ya magazeti ya Nation ilipotimiza miaka 60. Mwaka 2019 lilikuwa Kigali, 2020 Kisumu, 2021 Accra. Jina ni la ule upepo uliosukuma majahazi ya pwani. Mbali kote huko, na Kajiado ni kilomita kama 80 tu!

Pita Isinya hadi Kajiado mjini. Hapa ipo shule ya msingi ya wasichana ya AIC, iliyofunguliwa 1959, iliyowahifadhi wengi waliokimbia kuozwa na kukeketwa. Wewe uliyesoma Blossoms of the Savannah kwa ajili ya mtihani tu, utashtuka. Mwandishi wake, Henry ole Kulet wa Narok, aliyefariki 2021, alituzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta kwa riwaya hiyo mwaka 2009.

Hema moja uwanjani lingetosha. Wasichana hawa wakae mbele, wageni wa heshima nyuma yao.