Niliyoyasema kuhusu Kamanyola

Nilisema walijitakia. Nilisema hapa Nundu mbele ya walimu wenzangu, nikarudia sokoni, na hakuna aliyenipinga.

Ijumaa ya tarehe 15 Septemba 2017, wakimbizi wa Kirundi waliokuwa Kamanyola, hapa mashariki mwa Kongo, walikwenda kwenye ofisi ya usalama wa taifa kuwadai wenzao wanne waliokamatwa, kwa hofu kwamba watarudishwa Burundi. Askari wakawafyatulia risasi. Wasiopungua 36 walikufa, wanawake wakiwemo, na zaidi ya mia wakajeruhiwa. Afisa mmoja wa jeshi naye alikufa. Serikali ikaeleza kwamba askari walirushiwa mawe wakazidiwa. Mimi nikayashika hayo mawe, nikaona yanatosha.

Tulikuwa tumewachoka Warundi. Tangu 2015 kambi ya Lusenda iko jirani nasi, na tuligombania kuni na mashamba. Wale wa Kamanyola hata kambini walikuwa wamekataa kuja, kwa sababu za imani yao. Nikawaita wakaidi, basi.

Mama mmoja wa Lusenda alikuwa anatutwangia sombe. Akanisikia. Akaegemeza mchi ukutani, akaniuliza, "Mwalimu, walikwenda kutaka nini?" Nikamwambia sijui vizuri. "Walitaka watu wao wanne." Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya serikali. Jibu hilo linaniuma kuliko yote niliyoyasema sokoni, kwa sababu alikuwa amekwisha kunieleza.

Tena ni mimi yuleyule niliyeshangilia Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilipokuja kukaa Baraka na kumhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 jela, kwa ubakaji uliofanywa na askari Fizi siku ya mwaka mpya. Siku zile sikumuuliza mwanamke yeyote alikosa nini. Nilitaka kamanda asimame mbele ya majaji, akasimama. Waliokufa Kamanyola hawakuwa watu wetu, ndiyo maana nikawatafutia makosa wao. Hata kama mawe yalirushwa, aliyekabidhiwa bunduki na serikali ndiye anayepaswa kujieleza kwa kila maiti.

Tarehe 30 Agosti 2023 askari waliua zaidi ya watu 40 Goma, waumini waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Kesi ilisikilizwa hadharani, na Oktoba kanali mmoja akahukumiwa kifo. Hukumu ya kifo siiungi mkono. Lakini yale maswali ya majaji, nani aliagiza, nani alifyatua, ndiyo niliyopaswa kuyadai kwa ajili ya wafu wa Kamanyola tangu siku ya kwanza.

Yule mama aliondoka kambini kabla sijamwomba msamaha. Walimu wenzangu nimewaambia kwamba nilikosea. Mmoja bado ananijibu: mawe. Namuuliza amri ilitoka kwa nani, na nitaendelea kumuuliza.