Sony, Kibanda cha Wote na Uchumi wa Kadogo

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Kitui na kule Makueni huniuliza swali moja: geimu zetu tutamuuzia nani, ikiwa watu wa kwetu hawalipii programu? Leo najibu, ila nitaanzia mbali kidogo, kwa Sony. Vuteni viti.

Miaka ya 1980 Sony ilijulikana kwa redio, televisheni na Walkman. Michezo ya video ilikuwa shamba la Nintendo na Sega. Lakini mhandisi mmoja wa Sony, Ken Kutaragi, ndiye aliyebuni chipu ya sauti iliyotumika ndani ya Super Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 1990. Kampuni hizo mbili zikakubaliana kutengeneza mashine yenye kusoma CD. Juni 1991, kwenye maonyesho ya Chicago, Sony ikaitangaza. Kesho yake Nintendo ikatangaza kwamba itashirikiana na Philips. Aibu iliyoje, mbele ya watu!

Ndani ya Sony wapo waliotaka mambo ya kuchezea watoto yaachwe. Kutaragi akang'ang'ana, na mkuu wa kampuni, Norio Ohga, akamuunga mkono. Novemba 1993 ikaundwa Sony Computer Entertainment, na tarehe 3 Desemba 1994 PlayStation ikaanza kuuzwa Japani.

Tuifungue hiyo mashine. Prosesa ya megahezi 33 hivi, na RAM ya megabaiti 2. Ndiyo, 2! Kwa wakati wake haikuwa haba, lakini mimi naona siri ilikuwa kwingine.

Kwanza, Sony iliwarahisishia kazi waandishi wa programu. Iliwapa maktaba za kodi na kuwaacha waandike kwa lugha ya C, wakati wengi walikuwa wamezoea asembli. Pili, CD. Nintendo iliendelea na katriji hata kwenye Nintendo 64 ya mwaka 1996. Katriji kubwa kabisa za mashine hiyo zilibeba megabaiti 64. CD hubeba zaidi ya 600. Tena kutengeneza katriji kulikuwa ghali na kulichukua wiki kadhaa, kwa hiyo mtengenezaji alilazimika kuagiza nyingi kabla hajajua kama zitauzika. CD ilichapwa haraka na kwa bei ya chini. Zikiisha dukani, unaongeza. Bei ikashuka, wachapishaji wakahamia huko. PlayStation ya kwanza iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani.

Sasa turudi nyumbani. Mimi PlayStation niliikuta Wote, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye kibanda cha mabati kando ya soko. Televisheni mbili, benchi mbili, pedi zilizofungwa kwa selotepu. Unalipa kwa mechi. Ukifungwa unaondoka, aliyekufunga anabaki. Mwenye kibanda alikuwa na sheria zake: stima ikipotea kabla ya nusu ya pili, unachezewa upya bure, ikipotea baadaye, aliyekuwa akiongoza ameshinda. Ugomvi haukukosekana.

Diski zote zilikuwa za kunakiliwa. Sony ilikuwa imeweka alama ya siri kwenye diski halisi, alama ambayo mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuiandika. Mafundi wakaunganisha chipu ndogo ndani, nayo ikaidanganya PlayStation kwamba alama imeonekana. Ile CD iliyoshusha bei ndiyo hiyo hiyo iliyorahisisha wizi. Kama mwandishi wa programu hilo linaniuma, kwa sababu aliyeumiza kichwa kuandika geimu hakupata hata ndururu. Lakini pia sisahau kwamba bila kibanda kile nisingejua kuwa hiyo ni kazi ya mtu.

Hapa ndipo jibu langu lilipo. Tazameni vizuri: pale kibandani hakuna aliyecheza bure. Vijana walilipa jana, leo na kesho. Ambacho hawakuweza ni kununua mashine nzima na diski nzima kwa mpigo. Sony ilishusha bei ya diski, lakini hatua ya mwisho ilifanywa na yule mwenye kibanda. Aliukata mchezo vipande vipande kama muuza duka wa Mwingi au Emali anavyokata mche wa sabuni na kupima mafuta ya kupikia. Ni uchumi wa kadogo. Huo tunaufahamu tangu utotoni.

Kwa hiyo msiniambie watu wa kwetu hawalipi. Wanalipa kidogo kidogo, kwa kipimo kinachotosha mfuko wa siku hiyo. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, hata njia ya kupokea hela hizo ndogo ipo. Ukiandika geimu yako, kabla ya kuhangaikia picha na sauti, jiulize: kipande chake kidogo kabisa ambacho mtu atafurahi kukilipia ni kipi? Mechi moja? Ngazi moja? Siku moja? Anzia hapo.

Kutaragi alijiuliza geimu iwekwe kwenye nini ili iwe nafuu kuichapa. Ninyi jiulizeni iuzwe kwa kipimo gani ili kijana wa Kibwezi aweze kuilipia leo jioni.

Nisiwachoshe. Tupo pamoja.