Mazoezi ya Safari ya Miguu: Kumbukumbu za Nakivale

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Sisi walimu watatu, tulio katika miaka ya arobaini na tuliokwisha kuzoea kiti na chaki, tulidhani methali hiyo yatutosha kwa safari tuliyoikusudia. Kumbe mwenda pole naye hupatwa na malengelenge.

Safari yenyewe ni ya Namugongo. Kila mwaka, ifikapo tarehe 3 Juni, mahujaji humiminika mahali hapo, karibu na Kampala, kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, ambao kundi kubwa kati yao lilichomwa moto papo hapo siku kama hiyo mwaka 1886. Wengi huja kwa miguu, hata kutoka nchi jirani. Kutoka Mbarara ni mwendo wa kilomita 270 hivi hadi Kampala, kwa njia ya Lyantonde, Masaka na Kayabwe penye mstari wa Ikweta. Mwili usiozoezwa hauendi mwendo huo. Ndiyo maana Jumamosi moja ya Aprili, masomo yakiwa yamefungwa kwa mapumziko ya Pasaka, tulipanda gari alfajiri kutoka Mbarara hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ili tugeuke na kurudi kwa miguu kadiri tutakavyoweza.

Nakivale si pageni kwetu, kwani tunafundisha Kiswahili huko mwisho wa juma. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yana watu zaidi ya laki moja, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na sokoni Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wengi wao juu ya bei ya maharage.

Masika yalikuwa yamekolea. Ziwa la Nakivale lilionekana kwa mbali, kingo zake zimezungukwa na mafunjo, na korongo wenye ushungi walikuwa wakijitembeza matopeni kana kwamba shamba ni lao. Vilima vilikuwa vya kijani kibichi, migomba imesimama safu kwa safu, na ng'ombe wa Ankole walibeba pembe zao ndefu kwa adabu. Lakini mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, ukatuganda viatuni hata kila mguu ukawa kama umebeba tofali. Baada ya saa tatu mmoja wetu alianza kuchechemea, na kabla hatujajua la kufanya, mvua ikarudi.

Tulikimbilia kibaraza cha nyumba moja ya udongo. Mama mzee akatoka na kikombe.

"Karibuni, baba. Mukunywe mayi. Munaenda fasi gani?"

"Tunaelekea Mbarara, mama."

"Gari imekufa?"

"La, mama. Tunajizoeza kutembea tu."

Akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa huruma ya kweli, "Nani anawafukuza?"

Hatukuwa na jibu. Wakati huohuo kijana akachungulia mlangoni, akasema, "Jambo, mwalimu." Alikuwa mwanafunzi wetu, na mama yule ni bibi yake. Mvua ilipokuwa ikipiga bati, bibi alitusimulia jinsi alivyotoka Rutshuru mwaka 2008, vita vilipowaka, akatembea hadi mpakani Bunagana akiwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni, na binti yake akiwa na mimba ya kijana huyu. Walilala njiani chini ya migomba ya watu. Viatu hawakuwa navyo, wala hakuna aliyewauliza kama wamefanya mazoezi.

Tulipokuwa tukimsikiliza, jambo moja lilitutia baridi. Hadithi hiyo tulikuwa nayo tayari. Kabla ya mapumziko tulitoa insha yenye kichwa "Safari Nisiyoisahau", na kijana huyu aliandika juu ya safari ya bibi yake. Aliandika batoto, bitabu, mayi. Sisi tulipiga mistari myekundu chini ya kila kosa, tukampa alama 4 kati ya 20. Makosa tuliyahesabu; insha hatukuisoma.

Jioni, tuliposhindwa kuendelea na kupanda gari lililokuwa likienda Mbarara, tulizungumza habari hiyo njia nzima. Yale tuliyoyaita makosa yana ukoo wake. Mnyankore husema abantu, ebitabo, amaizi. Kijana wa Kongo husema batu, bitabu, mayi. Sisi twasema watu, vitabu, maji. Hao ni ndugu watatu wa nyumba moja ya Kibantu. Mwalimu angeweza kuwaweka ubaoni pamoja, na Mganda na Mkongo wakajifunza ngeli kwa nusu saa, kila mmoja akianzia kwao. Nasi tuna haja ya njia kama hizo, maana tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi, Julai 2022, wanafunzi wanaongezeka kuliko vitabu.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kitupwe. Mtihani utamtaka kijana aandike watoto, na ni wajibu wetu kumfikisha hapo. Lakini asiyemsikiliza msafiri hawezi kumwelekeza njia.

Masomo yalipofunguliwa tuliliomba daftari lile tena. Tukaisoma insha tangu mwanzo hadi mwisho, tukaandika pembeni, kwa wino wa buluu, maneno yake upande mmoja na ya sanifu upande wa pili, kisha tukamwomba radhi mbele ya wenzake. Alitabasamu kidogo tu. Alama ya zamani haifutiki upesi moyoni mwa mtoto.

Malengelenge yamepona sasa, na kila Jumamosi tunarudi barabarani. Tukipita kwa mama yule hutuuliza kama wanaotufukuza bado wako nyuma.